Zadok na Diski Zilizofungwa

Mimi simwamini mtu anayefunga kitu kabla hakijaibiwa. Nimelelewa hivyo kwetu Magu, na ndivyo nilivyomtazama Zadok Agutu siku alipoletwa pale maabara ya Mama Zohra, mtaa wa Mirongo mjini, mwaka tisini na nane. Kijana mrefu wa Shirati, mpole kupita kiasi. Na mpole kupita kiasi naye simwamini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kufanya nini?"

"Kufunga kompyuta."

"Loo! Zimefanya kosa gani?"

Akacheka, akaweka begi chini.

Miaka ile biashara zilikuwa zimefunguliwa, kila mwenye chumba mjini anaanzisha kitu. Mama Zohra, Mhindi wa hapahapa, babu yake alikuwa na duka la vitambaa, yeye akaanzisha maabara ya kupima damu. Wagonjwa wa malaria walikuwepo, lakini wengi walikuja kwa ajili ya UKIMWI. Makanisa yalishaanza kuwataka wachumba wapime kabla ya ndoa, kwa hiyo hata vijana wenye afya zao walikuja wakitetemeka. Mimi nilikaa mapokezi naandika majina. Daktari Shimba alikaa chumba cha ndani na majibu yake.

Zadok alikuwa anasomea cheti cha usalama wa mitandao ya kompyuta, mtihani wenyewe unafanyika Nairobi, na Mama Zohra ndiye aliyekubali kumlipia. Alikuwa na kitabu kinene amekijaladia kwa gazeti. Alinieleza kwamba kitabu kinataka kila kompyuta ya mezani, kuanzia ya kwangu, diski yake ifungwe kwa maandishi ya mafumbo.

"Siri si ziko kwenye ile kompyuta kubwa ya ndani?" nikamuuliza.

"Mama Chenge, ukichota maji kisimani, ndoo inabaki na maji. Mwizi hahangaiki na kisima. Anabeba ndoo. Akiibeba hii ya kwako, nataka akute takataka tupu. Bila neno la siri haisomeki."

"Na neno hilo analo nani?"

"La kwako litafungua orodha ya foleni. La majibu tunalo mimi na daktari."

"Ahaa!" nikasema. Hapo ndipo nilipoanza kumchunga kama kuku mgeni.

Nilimchunga kweli. Akiandika, natazama vidole. Akienda kula, naangalia alikokwenda na anakula na nani. Nikamwambia wazi, "Zadok, nakuchunga." Akajibu, "Chunga tu, mama. Ndiyo kazi yenyewe." Jibu hilo lilinikera sana, maana mtu mwenye hatia angekasirika kidogo.

Basi siri zikaanza kutoka. Mwalimu mmoja alichukua majibu yake asubuhi. Kufika sokoni kununua nyanya, muuzaji akampa pole. Pole ya nini, yule mwalimu hajamwambia hata dada yake! Kisha ikawa ya binti mmoja aliyekuwa akijiandaa kuolewa. Kabla hajapata la kumwambia mchumba, kamati ya harusi ilishavunjika na watu wanarudishiana michango. Baba yake alikuja pale maabara akasimama katikati ya chumba, akalia mbele za watu. Mwanamume mzima. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Mama Zohra alituita wote. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Majibu yako ndani ya kompyuta. Kompyuta imefungwa. Wanaofungua ni wawili. Shimba yuko na mimi tangu mwanzo, na siku zote hizo hakuna neno lililotoka." Akamgeukia Zadok. "Wewe umekuja, siri imetoka. Mpaka Jumamosi nataka uniambie imetokaje. La sivyo, kazi hakuna, na Nairobi hakuna."

Zadok akasema, "Mama, sijafungua jibu la mtu yeyote."

"Nitajuaje?"

Angelionyeshaje jambo ambalo hakulifanya? Na mimi, nisidanganye, sikumtetea. Lakini sikumshitaki pia, kwa sababu Shimba naye simwamini, na mfagiaji simwamini, na mke wa Shimba ana mdomo. Zadok alirudi mezani kwake akafungua kile kitabu. Nilimwona hageuzi ukurasa.

Alhamisi nilikuwa na ruhusa. Daktari Shimba alikuwa ameniagiza dagaa wa soko la Mwaloni, wale wakavu wazuri, kwa hiyo nikapitia pale na mfuko, nimevaa kitenge changu cha nyumbani. Kwenye benchi nikamkuta Odeta, jirani yetu wa Mkolani, kamsindikiza mtu. Nikakaa naye tukapiga soga. Mara Shimba akachungulia mlangoni.

"Mama Chenge, njoo ndani. Funga mlango."

Mlango tulifunga kwa ajili ya harufu ya dagaa, jamani! Ndani walikuwa wamemwaga dawa ya kusafishia meza, kali ajabu, nikatoka machozi yananichuruzika, pua naifuta kwa ncha ya kitenge. Odeta akanitazama, akanishika mkono, akasema, "Mungu yupo, shoga yangu." Nikaitikia, "Yupo." Nikaenda zangu.

Jioni yake nilishangaa. Jirani niliyempelekea mboga alipokea bakuli kwa vidole viwili. Mume wangu, Ngosha, alirudi akakaa nje, chakula hakugusa. Nikamwuliza, "Baba Chenge, unaumwa?" Akasema, "Mimi? Hapana. Labda wewe." Basi. Akalala kwenye kochi, na asubuhi akatoka bila kuaga. Nikasema moyoni, huyu ana mwanamke. Si nimewaambia simwamini mtu?

Kumbe hakwenda kwa mwanamke. Jumamosi tumekaa mbele ya Mama Zohra, Zadok amekuja na begi lake kabisa, kila kitu chake kimo ndani, mara Ngosha anaingia. Hakunitazama. Alimnyooshea Zadok kidole.

"Mama, huyu kijana wako ana dharau! Jana nimemfuata mpaka anapokula. Nimemwomba kwa heshima, mimi mtu mzima, anifungulie hiyo kompyuta nione majibu ya mke wangu. Amekataa! Nimempa kitu kidogo, amekirudisha mezani. Eti nikamwulize mke wangu mwenyewe."

Damu ilinipanda kichwani.

"Majibu yangu yapi, Ngosha?" nikasema. Jina la Baba Chenge hakulisikia siku ile. "Majibu yangu yapi?"

"Odeta amekuona. Umeitwa ndani."

Mama Zohra akainua mkono nikanyamaza. "Ngoja kwanza. Kuitwa ndani ni nini?"

Ngosha akamshangaa, kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. "Mama, mjini tunajua wote. Mwenye afya anapewa bahasha pale dirishani anakwenda. Aliyekanyaga waya anaitwa ndani, mlango unafungwa, anatoka analia. Watu wanakuja kukaa kwenye hilo benchi hata kama hawaumwi. Ninyi ndio hamjui?"

Nilimtazama Shimba. Alikuwa ameshika kichwa. Ni yeye aliyeuanzisha utaratibu ule, tena kwa huruma, miezi ileile aliyoletwa Zadok, baada ya mgonjwa mmoja kuzirai dirishani. Alisema mtu mwenye habari mbaya aketishwe, afarijiwe, apewe maji. Alikuwa anawafariji, na benchi zima linahesabu.

"Mkeo hajawahi kupima hapa," Mama Zohra akasema polepole. "Alileta dagaa."

Hapo ndipo Ngosha aliponitazama.

Mama Zohra akamgeukia Zadok. "Zadok. Jana ulikuwa umeshikwa pabaya. Huyu mzee amekuja na jambo la uongo, na wewe ulijua Mama Chenge hana faili."

"Sikujua, mama. Sikuangalia."

"Ungeangalia basi! Ungemwambia jina la mkeo halimo, nenda nyumbani. Ungemwokoa huyu mama, na wewe ungejiokoa. Kwa nini hukusema?"

Zadok alikuwa ameshika mkanda wa begi lake kwa mikono miwili. Alijibu kwa ile sauti yake ya upole ambayo mimi sikuwa nikiiamini.

"Leo nikimwambia huyu kwamba jina la mke wake halimo, mama, kesho anakuja yule ambaye jina la mke wake limo. Nikikataa kumwambia, si nitakuwa nimeshamwambia?"

Nilimfikiria yule baba aliyelia katikati ya chumba. Nikajisikia kulia, na safari hii hapakuwa na dawa ya meza. Mama Zohra akavuta simu, akaanza kuzungusha namba za Nairobi.

Tulipotoka nje, Ngosha alitaka kunipokea kikapu. Nilimwachia. Lakini sikumsemesha neno mpaka Mkolani, na alipofungua mlango nikamwambia asimame hapohapo, aniulize mimi mwenyewe.