Bei Iliyotajwa Jikoni Hagsätra

Kila wiki mnanidai habari ya mkwe wangu, kama vile ninyi hamna wakwe. Haya.

Wajukuu wangu watatu walibanana chumba kimoja Jordbro, basi tukaenda kuona nyumba inayouzwa mtaa wa Hagsätra, huku huku ughaibuni. Watu walijaa, kila mmoja na plastiki juu ya viatu. Jikoni binti mmoja alipanga maua; tukamdhani msaidizi wa dalali. Mkwe akamwambia mkewe kwa Kiswahili, tena kwa sauti: "Tutoe krona milioni moja, kwa sharti tuuze kwanza ile ya Jordbro. Wakikaza, tunaondoa sharti, tunafika milioni na laki mbili."

Nikamkanyaga mguu.

"Mama, hapa nani anajua Kiswahili?"

Mlangoni tukivua plastiki, yule binti akainama kidogo. "Shikamoo, bibi. Karibuni tena kwangu."

Mkwe akaanza kutafuta kiatu alichokwisha kukivaa.

Jioni dalali akapiga simu: mwenye nyumba hataki masharti, na milioni moja haitoshi. Siku hizi mkwe akipanda treni ananong'ona hata akimuuliza mkewe kama chumvi imekwisha nyumbani.

Nyumba waliipata. Alilipa milioni na laki mbili kamili, kama alivyojitangazia mwenyewe.