Tulia ya Mdogo Wangu

Mwezi uliopita nilirudi Amu kwa mama. Hata buibui sijalivua, nikasikia matwari, zile ngoma za mkono za kasida, yanalia upande wa shule, watoto wanafanya mazoezi ya Maulidi. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, viatu keshavaa zamani, ananingoja. Nikacheka peke yangu. Nawe ungecheka kama ungejua tulikotoka.

Mdogo wangu ana usonji. Siku zile za utoto neno hilo hatukulijua, tulisema tu ana mambo yake. Maneno yake yalikuwa machache, na kutwa aliyumba, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Nyumba nzima tulikuwa na neno moja kwake: tulia. Bibi akichagua mchele, tulia. Mama akikaanga mahamri, tulia. Mimi nikiandika kazi ya shule, tulia, tena kwa kumfinya. Mimi ndiye niliyekuwa mbaya kuliko wote, kwa sababu tulisoma shule moja na nilimwonea haya.

Maulidi ya kwanza shuleni yalimshinda. Matwari yalipolia aliziba masikio, akapiga kelele, akakimbia miguu mitupu mpaka nyumbani. Mwaka uliofuata mama akamwacha na bibi. Tuliporudi na halua yetu tulimkuta mlangoni, amevaa gauni la sikukuu, asumini mkononi, anayumba. Hakuna aliyemvisha. Mama aliingia chumbani akalia.

Mwaka wa tatu akaja mwalimu wa darasa maalumu. Alikuja nyumbani, akanywa kahawa, akasema msichana huyu ataimba kasida mstarini na wenzake, tena ubavuni pangu. Mama akakataa, akihofia watu watamcheka. Mimi nikaomba moyoni mama ashikilie hapo hapo.

Mwalimu hakubishana. Alikwenda kwa jirani yetu, mzee mwenye matwari ya shule. Sasa, twari huoteshwa moto ngozi ikaze, ndipo lilie. Mwalimu alimwomba mwaka huo asiyaoteshe. Mzee alikasirika, ungedhani ameambiwa apike pilau bila bizari. Kisha akamtazama mdogo wangu, aliyekwisha kuziba masikio kabla hata ya kuguswa twari.

"Haya, Bi Mwalimu," akasema. "Mwaka huu hayatoota moto."

Mama aliposikia hayo, alikubali. Akatoa gauni kabatini akalipiga pasi.

Siku yenyewe uwanja ulinukia ubani na marashi, nasi wasichana tumejipanga na nguo zetu nyeupe. Matwari yakaanza: pu, pu, pu, kama mtu anafua leso uani. Huku mwisho wa mstari hatukusikia kitu. Kasida huimbwa kwa kwenda pamoja kulia na kushoto kufuata matwari; sasa nusu yetu tukaenda kulia, nusu kushoto, mabega yakagongana. Wageni wakaanza kuziba midomo wasicheke. Nilitamani ardhi inimeze.

Hapo mdogo wangu akasema kwa sauti, "Tulia." Akaanza kuyumba.

Mkono wangu ulikuwa tayari kumfinya, ukaishia hewani. Masikini, kumbe! Kila alipoyumba tulimwambia neno hilo, naye akajua ndilo jina la kuyumba. Miaka yote ile alidhani tunamsifu, na sijui kule kufinywa alikuelewaje. Niliona aibu mpaka masikioni. Lakini mwendo wake haukuyumba hata kidogo, nisamehe neno. Mwenzake wa upande wa pili akamfuata, nikamfuata mimi, ukafuata mstari wote, na kasida ikakaa sawa. Mzee naye akapiga kwa kumtazama yeye. Mama alikuwa anafuta macho kwa ncha ya buibui.

Tangu siku hiyo neno lile halikurudi kwenye maana yake nyumbani kwetu. Bibi alikuwa akimaliza kuchagua mchele anaita, "Haya, tutulie," anaweka ungo chini, wanayumba yeye na mdogo wangu.

Bibi hayupo tena, wala mzee wa matwari. Matwari ya sasa ni ya plastiki, hayajui moto wala baridi. Mwezi uliopita nilikuwa nimeegemea ukuta wa shule nikiyawaza hayo, nimekauka kama mgeni rasmi, watoto wa darasa maalumu wamekaa mbele kabisa. Mara nikafinywa mkono.

"Tulia," mdogo wangu akaniambia.

Nikatulia, kulia, kushoto, mbele ya watu wote.