Nyundo yangu na macho ya shemeji

Admin, jina langu lifiche, huku Ifakara tunajuana. Nina miaka sitini na nne, mke wangu alishafariki, na ufundi bomba nimestaafu. Haya sijawahi kumwambia mtu.

Miaka ya tisini nilikuwa kiwanda kimoja cha sukari hapa bondeni. Maji ya moto yenye majivu ya boila yalikuwa yanakula kona za mabomba kama mchwa. Tukajaribu kona tatu, kila moja imewekwa kitu chake ndani: mpira, chuma kigumu cha kuchomelea na vigae vya kauri. Mpira ulibanduka mapema kwa joto. Chuma kilijitahidi, nacho kikaisha. Vigae havikuwa hata na mkwaruzo. Aliyevibandika ni shemeji yangu, Mpogoro wa Lupiro, mume wa mdogo wangu. Jamani, alivyotamba pale kambini!

Mimi kazi yangu ilikuwa kupita kila asubuhi na nyundo, nagonga kona na kusikiliza. Bomba zima lina sauti yake, lililolika lina yake. Nilisifika kwa sikio hilo. Shemeji akaniambia, "Hii yangu usiigonge, shemeji. Kigae si chuma, kitapasuka."

Nikamcheka. "Wewe baki na gundi yako. Kazi hii nimeianza hujaja kuposa kwetu."

Nikaendelea kugonga, tena yake kwa nguvu zaidi, maana sifa zake zilikuwa zinaniuma. Ndiyo, ni wivu. Asubuhi moja sauti ikabadilika. Nikanyamaza, kwa sababu nikisema ningeulizwa nani ameigonga.

Wiki hiyohiyo kona ilitoboka shemeji akiwa mbele yake. Maji yalimpata usoni, macho yote mawili yakaondoka.

Nikatumwa mimi kuifungua. Vigae vilikuwa vimepasuka katikati, na migongo yake bado imeshika gundi barabara. Nikavitupa kwenye lundo la majivu. Wakubwa wakasema gundi ilikuwa mbovu, na shemeji mwenyewe akaamini. Mpaka leo mdogo wangu akichoka kumshika mkono kumpeleka chooni, humwambia, "Uzembe wako ndio umetufikisha hapa." Naye huomba msamaha. Nimesikia hayo zaidi ya miaka ishirini, nikiwa nimekaa palepale na kikombe cha chai.

Sasa anaumwa, na hospitali wameturudisha nyumbani. Jumapili alinishika mkono. "Shemeji, ulikuwa unapita pale kila asubuhi. Hukusikia chochote?"

Nikasema, "Sikusikia."

"Basi ni mimi," akasema, akageukia ukutani.

Nikimwambia ukweli, macho hayarudi, na mdogo wangu nitampoteza. Ndugu mwingine sina. Nisipomwambia, anakwenda kaburini na kosa langu. Kila upande naona giza. Mwenye neno la kunishauri anishauri, ila msikawie. Hajala kitu tangu juzi.