Farasi Mwenye Bega Moja Kubwa

Nikimkumbuka yule farasi, mpaka leo chai naiacha ipoe. Sina ugomvi naye, maskini. Hasira yangu ni kwa mwenye farasi, na kidogo kwangu mimi mwenyewe.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa fundi wa ngozi mgodini Mpanda. Hilo jina la fundi nilijipa mwenyewe. Shule niliiacha darasa la tatu, mwalimu alipoanza kutukatia namba vipande vipande. Nikaona namba nzima zenyewe zinanishinda, vipande vyake nitavipeleka wapi? Basi nikawa nashona mikanda ya mashine na kutia viraka viatu vya wachimbaji.

Bwana mmoja mkubwa wa mgodi akaleta farasi kwa treni. Farasi, Mpanda! Inzi wa ndorobo wa kwetu wanamaliza ng'ombe, sembuse mgeni yule. Akajengewa banda la wavu, zuri kuliko chumba changu. Sikumwonea wivu. Nilikuwa napita pale kuangalia tu, kila siku.

Aliyemtunza alikuwa saisi, mzee wa Kinyamwezi. Mimi Mfipa, kwa hiyo tulikuwa watani, na kila tulipokutana lazima mmoja atukanwe.

Yule farasi umbo lake lilikuwa na shida. Mgongo ulibonyea katikati kama kitanda cha kamba kilichochoka, na bega la kushoto lilikuwa kubwa kuliko la kulia. Tandiko lenyewe bwana alikuja nalo kutoka kwao, lilishonwa kwa ajili ya farasi mwingine kabisa. Liligusa mbele, likagusa nyuma, katikati upepo unapita. Bwana akikaa, linamchimba mnyama begani. Kidonda kikatoka. Jumapili moja farasi akachoka, akamtupa bwana kwenye matope, watu wanaangalia.

Unadhani aliangalia kidonda? Alimfunga yule mnyama kwenye nguzo akamchapa kiboko mpaka saisi akageukia ukuta. Halafu akaniita.

"Fundi, tengeneza tandiko. Kidonda kikauke, baada ya wiki tatu, Jumamosi, nampanda. Akinitupa tena, nampiga bunduki."

Nikaitikia kama naagizwa kukata soli.

Kupima nilijua. Nilichukua ukanda mwembamba wa risasi, yale madini yenyewe tuliyokuwa tunachimba. Ni laini. Ukiulaza mgongoni na kuubonyeza unashika umbo, ukiuinua taratibu umbo linabaki, unalichora kwenye mbao. Nilijiona mhandisi.

Saisi akaniangalia. "Mtani, mbona umepima upande wa kulia tu?"

"Wa kushoto si ndo huo huo? Nageuza mchoro. Na viatu nakata hivyo hivyo, napima mguu mmoja."

"Kweli kwenu Ufipa mnyama mkubwa ni panya."

Nikamcheka. Nikafumua ile mito miwili ya chini ya tandiko, nikaijaza upya manyoya ya kondoo, kushoto sawa na kulia, ikapendeza kama viatu vya harusi.

Kidonda kilipokauka tukajaribu. Tulimpaka farasi unga wa muhogo mgongoni, tukaweka tandiko, saisi akapanda, akazunguka banda mara mbili, akashuka. Tukaligeuza. Mto wa kulia ulikuwa na unga kidogo kidogo kila mahali. Wa kushoto haukuwa na unga, isipokuwa pale pa bega, mweupe pee. Uzito wote ulilalia hapo. Na pale kwenye kovu jipya, tone la damu.

Farasi akaning'ata mkono. Nilistahili.

Nilijikasirikia mpaka nikashindwa kula. Mnyama ananionyesha bega lake kila siku, mimi namletea mambo ya viatu! Tukasubiri tena pakauke. Nikapima pande zote mbili, sehemu tatu tatu. Mto wa kushoto nikaupunguza pale begani, wa kulia nikauongeza. Tukapaka unga tena. Safari hii ukashika sawasawa kote, na farasi akasimama anatafuna.

Ijumaa bwana akaja kibandani kwangu. Tandiko lilikuwa juu ya meza, limeegemea upande mmoja kama mlevi.

"Limepinda hili!"

"Bwana, farasi mwenyewe ndo amepinda. Twende ukaone mgongoni kwake."

"Umesoma wapi wewe?"

"Darasa la tatu, bwana."

Akacheka. Si cheko la utani, lile la kukufuta kama vumbi kwenye kiatu. "Kesho asubuhi nilikute limenyooka."

Akaondoka. Banda la farasi lilikuwa hatua hamsini tu kutoka pale. Hakwenda.

Saisi akauliza, "Utafanyaje?"

"Sifanyi kitu."

"Atakufukuza."

"Mimi nitafukuzwa. Huyu anapigwa bunduki."

Sikuwa shujaa, msinifikirie hivyo. Usiku ule nilishika sindano mara tatu nilinyooshe lile tandiko, nikairudisha.

Jumamosi bwana akaja na bunduki kweli, akaiegemeza kwenye wavu. Saisi akamtandika farasi. Na tandiko lililopinda, likikaa juu ya mgongo uliopinda, limenyooka kama meza ya serikali. Bwana akarudi nyuma, akafumba jicho moja kupima.

"Unaona? Sasa liko sawa. Si nilikuambia?"

Akapanda. Farasi akatikisa masikio tu, akaenda zake mpaka relini na kurudi, mpole kama mke mpya. Mimi na saisi hatukupumua mpaka bwana aliposhuka. Akampigapiga farasi shingoni.

"Kiboko ndiyo dawa," akatuambia. "Nyie mnawabembeleza mno wanyama."

Saisi akanikanyaga mguu. Maana nikimwambia ukweli, atalinyoosha tandiko kwa mikono yake mwenyewe, na Jumamosi nyingine bunduki ndo hiyo hapo kwenye wavu.

"Ndiyo, bwana," nikasema.

Akachukua bunduki yake akaenda kunywa chai. Mimi nikazunguka nyuma ya banda, nikaipiga teke nguzo kwa nguvu zangu zote. Ilikuwa ya mti mgumu wa mninga. Nikachechemea wiki nzima, na kila aliyeniuliza nilimwambia farasi amenikanyaga.