Tairi za Wastani

Kwenye duka la tairi Changamwe nilimkuta mzee na kigari chake kidogo, mkewe amekaa ndani. Muuzaji alimwonyesha tairi za bei ya wastani. "Hizi, mzee wangu, zitakaa miaka mitano, inshallah."

Mzee akazibonyeza kwa kidole gumba, akazirudisha. "Nipe zile rahisi. Mimi sanda yangu nishanunua, iko kabatini. Miaka mitano ya nini?"

Mkewe akateremsha kioo. "Sanda ulinunua yako peke yako. Ukishakwenda, mimi kliniki nitapelekwa kwa tairi gani?"

Mzee akaashiria zile za wastani zifungwe.

Nimezoea kuona mume na mke wakizozana dukani juu ya bei. Hawa walikuwa wakizungumzia nani atabaki, nasi wengine tukajifanya twatazama jeki.