Tenki Lililobanwa Pumzi

Usiponiamini, njoo Geita nikupeleke mahali penyewe. Rundo la kifusi bado lipo, pikipiki ipo, na Mama Doto yupo hai, anapika maharage. Sikusimuliwa haya. Huyo nitakayekusimulia nilisimama naye, nikaongea naye, jua likiwa ndiyo kwanza linazama, na utani wake ukanichekesha!

Mimi ni mtu wa Mhunze, ila Mhunze wenyewe hawanioni. Shule niliiacha mapema, miguu ikawa inawasha. Nimechekecha mchanga wa almasi Maganzo, nimebeba mawe ya dhahabu huku, na kila nilipofika nilifungua chochote chenye skrubu nione ndani kuna nini. Ufundi wa pikipiki niliupata hivyo hivyo. Yangu ni kuukuu, ya Kichina, tenki limepigwa rangi juu ya rangi mpaka halina rangi.

Wiki ile nilikuwa nimeiwekea kinga. Kwetu si jambo la ajabu. Huyu hufunga dawa kwenye usukani, yule huishonea ndani ya kiti. Mganga wangu alisema barabara za machimboni zina wafu wengi, kwa hiyo dawa ikae mdomoni mwa tenki. Akabandika kifurushi cha kitambaa chekundu ndani ya kifuniko, akakigandisha kwa nta. "Hakuna mfu atakayeigusa," akasema. "Ila usifungue ovyo. Fungua ukijaza mafuta tu." Nikaondoka kifua mbele.

Sasa sikiliza. Jioni moja Mama Doto, anayetupikia kambini, alibanwa na pumu. Ukiishi na vumbi la mashine za kusaga mawe, pumu haikuachi. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Alikaa chini, mikono magotini, midomo ikigeuka rangi, kila pumzi ikipiga filimbi. Hapakuwa na gari. Nikawasha pikipiki, tukampakia katikati, na Maduhu, mchimbaji mwenzangu, akakaa nyuma kumshikilia. Mshikaki wa watu watatu, mbio kuelekea kituo cha afya.

Tulikwenda vizuri hadi tukapita mashamba ya mihogo. Kisha injini ikakohoa, ikakata. Nikapiga kiki, hola. Tukangoja kidogo, ikawaka. Tukaenda, ikakata tena.

"Kaka, hii pikipiki au mbuzi?" Maduhu akafoka. "Inasimama kila penye kichaka!"

Mara ya tatu ikagoma kabisa, karibu na rundo la kifusi la duara lililoachwa. Duara ndiyo tunaita shimo refu la dhahabu. Maduhu akamketisha Mama Doto ukingoni mwa barabara, akamwegemeza kifuani kwake. Mimi nikapiga magoti. Nikaitikisa pikipiki, mafuta yakacheza ndani, yalikuwepo. Nikafungua plagi, ilikuwa kavu. Nikalegeza skrubu ya chini ya kabureta, bakuli kavu kabisa! Nikachomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta. Mafuta yakadondoka, yakapungua, yakakata. Kwa hiyo tatizo lilikuwa juu. Nikafikiri koki imeziba uchafu, na kuisafisha lazima nimwage tenki zima. Nimwage wapi? Na giza hilo linakuja, na filimbi ya Mama Doto inazidi kuwa nyembamba?

"Mwadila, nkoi."

Salamu ya Kisukuma, kama rafiki anavyomwita rafiki. Nikageuka. Juu ya kifusi alisimama mchimbaji, tochi imefungwa kichwani inawaka, mwili mzima matope mabichi. Kiangazi kile, hata mbuzi walikosa tope la kukanyaga! Lakini nani anahesabu matope wakati mgonjwa anakufa?

"Mwadila," nikaitika. "Tusaidie, koki imeziba."

"Siyo koki. Uchafu ungezuia tangu mwanzo. Hayo yanatoka kwanza, kisha yanakata. Tenki limebanwa pumzi. Ukiziba juu, chini hakitoki kitu. Fungua kifuniko."

Aliyasema yote kwa mkupuo, bila kutua hata mara moja. Kisha akamtazama mgonjwa. "Pole, Mama Doto. Leo hujabakiza ukoko?"

Maduhu akacheka kwa woga, na mimi nikacheka. Mama Doto hakucheka. Alinishika shati, akalivuta, macho yamemtoka, mdomo unafunguka na neno halitoki. Nikajua anakata roho.

"Njoo basi utufungulie," nikamwambia yule mtu.

"Hicho kilichomo siwezi kukikaribia. Fungua wewe."

Niamini, mkono wangu ulisita juu ya kile kifuniko. Maneno ya mganga yalinirudia yote. Nikisha kufungua, nani atatulinda barabara ile? Lakini nyuma yangu filimbi ikakatika, ikarudi, ikakatika. Nikafungua.

Fyuuuu! Tenki likavuta hewa kama mtu aliyezamishwa majini akaibuka. Papo hapo mafuta yakamiminika kwenye mpira, yakanilowesha viatu. Unajua kosa lilikuwa wapi? Kila kifuniko cha tenki kina tundu dogo la kuingizia hewa, na kinga yangu pamoja na nta yake ilikuwa imekalia tundu lile hasa. Safari fupifupi za kambini hazikulionyesha. Nikabandua kifurushi, nikakitupa mbali, nikazibua tundu kwa mwiba.

"Lipulize," akasema.

Mikono yangu ilikuwa inarudisha mpira. Nikamnyooshea kifuniko. "Puliza wewe."

"Mimi sina pumzi, nkoi."

Nikacheka tena! Nikapuliza mwenyewe, nikafunga. Ndipo akashuka kwenye kifusi, kwa mara ya kwanza akasogea, akaweka kiganja juu ya tenki. Kifua chake kilikuwa mbele ya macho yangu. Hakikupanda, hakikushuka.

"Mkirudi," akasema, "waambieni wenzenu wasizime mashine ya kupeleka hewa shimoni kabla hawajaita watu."

Nikapiga kiki moja tu. Tukaruka! Sikugeuka nyuma, na injini haikukohoa tena hadi mlangoni mwa kituo.

Wauguzi wakamvalisha Mama Doto kikombe cha mvuke usoni. Tulikaa tukimtazama kama watoto wanaotazama mkate. Midomo ikarudi rangi yake, na alipoweza kusema, hakuomba maji.

"Nyie wapumbavu," akasema. "Mlikuwa mnacheka na Luhende."

"Luhende gani, mama?"

"Alikuwa anakula kwangu, kabla nyie hamjafika kambini. Kila siku ukoko. Wenzake walipanda jioni kutoka duara lile, wakazima mashine ya hewa kubana petroli. Hakuna aliyeita majina. Yeye alikuwa bado chini. Nilimwosha kwa mikono yangu." Akavuta mvuke. "Nilitaka kuwaambia. Sikuwa na pumzi."

Maduhu, mtu wa maneno mengi yule, alitoka nje akakaa chini. Asubuhi tukaenda kuitazama pikipiki. Juu ya tenki kulikuwa na kiganja cha tope, bado bichi. Nimekiosha. Nimekipaka rangi mara nyingi. Rangi hukauka tenki zima isipokuwa pale.

Mimi ambaye sijawahi kukaa mahali pamoja, bado niko kambi ileile. Ikifika jioni nasimama kwenye mdomo wa duara, mmoja mmoja naita majina, na hakuna anayegusa swichi ya mashine mpaka kila aliye hai ameitika. Jina la mwisho ni Luhende. Tunasikiliza chini kidogo. Wageni hutucheka, kisha wakiambiwa huacha kucheka. Hajawahi kuitika. Siku akiitika, msinitafute Geita!

Wewe mwenye pikipiki, sikia: tundu la kifuniko usilizibe, si kwa nta, si kwa dawa ya mtu yeyote. Na wewe unayesimamia mashine ya hewa, petroli itapatikana kesho. Ita watu kwanza.