Uso wa Mamangu kwenye Ukuta wa Kanisa

Sisi tuliokulia nyuma ya Msambweni kabla ya bendera kubadilishwa tulikuwa na mwaka wetu wenyewe, nao ulianza mwezi wa nane, mahujaji walipokuja. Wenye umri wangu watakumbuka. Walikuja kwa miguu kutoka Matuga, kutoka Kinango, wengine walivuka kivuko cha Likoni na kulala njiani siku mbili, akina mama wamejitwisha vikapu, wazee wameshika rozari, vumbi jekundu limewapanda mpaka magotini. Tulizisikia nyimbo zao kabla hatujawaona. Hapo tuliacha vijiwe vya mdako, tuliacha kibe na aliyejificha akabaki amejificha, tukateremka mbio kwenda kuwapokea mizigo, tukitoa shikamoo kwa mmoja mmoja mpaka midomo ikachoka. Siku hizi nawaona vijana wakishuka kwenye mabasi chini ya kilima, soda mkononi, wakilalamika kwamba jua ni kali. Jua la kule lilikuwa kali tangu zamani. Sisi hatukujua kwamba mtu anaweza kulilalamikia.

Kanisa lenyewe lilikuwa dogo. Katekista Danieli, mzee mwembamba aliyetufundisha katekisimu na kutupiga vidole kwa ufito tukikosea, alitusimulia asili yake. Palikuwa na chemchemi kilimani. Mwanamke mmoja aliyetoroka utumwani, mtoto mgongoni, alijificha hapo siku tatu akinywa maji yale, na waliomsaka wakapita karibu wasimwone. Baadaye watu waliokombolewa wakajenga kibanda cha kusalia penye chemchemi, na baada yao mapadre wa kwanza wakajenga kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene hata dirisha lilitosha mtoto kukaa akanyoosha miguu. Tangu hapo watu wakawa wanakuja kuomba, na walioomba sana walikuwa wanawake wajawazito.

Babangu, Ndurya, ndiye aliyekuwa fundi wa chokaa pale. Alikuwa Mduruma, mtu wa maneno machache, mwenye viganja vilivyobabuka kwa kazi. Padre mzee tuliyemwita Padre Ndevu aligundua kwamba babangu anajua kuchora, kwa kuwa alimkuta akichora ng'ombe kwa mkaa kwenye ubao wa kuchanganyia chokaa. Akamwonyesha kitabu cha picha za watakatifu na kumwambia achore ukutani hadithi ya Bwana Yesu, tangu kuzaliwa mpaka kufufuka. Baba alikifunua kitabu kile kwa siku nyingi, kisha akamrudishia.

"Padre, hawa watu siwajui."

"Basi chora unaowajua," Padre Ndevu akasema.

Akachora anaowajua. Alisaga udongo mwekundu, mkaa, manjano ya jikoni na buluu ya kufulia, akachanganya na ute wa mayai, na nyumbani kwetu mayai yakawa hayaliwi. Nakumbuka tulivyokula wari, yaani ugali, na mboga chungu ya mtsunga wiki baada ya wiki, kuku wanataga na sisi tunatazama tu. Wachungaji wa Bethlehemu akawachora Waduruma waliojifunga shuka, na ng'ombe wao wana nundu. Mmoja wa Mamajusi alikuwa mwenye duka wa Msambweni, na kilemba chake. Petro alikuwa Katekista Danieli, na ile shingo yake ndefu. Baba na Danieli walikuwa marafiki tangu ujanani, na Danieli alijifanya kukasirika lakini kila Jumapili alisimama karibu na Petro wake. Na Bikira Maria, mkubwa kuliko wote, upande wa kushoto wa altare, leso begani, mtungi kiunoni, alikuwa mamangu.

Mamangu aliitwa Mbeyu. Alizaliwa Mdigo na Mwislamu, akabatizwa alipoolewa, na kwao walimnunia mwaka mzima kabla ya kumsamehe. Nakumbuka alivyokaa kwenye kibao cha mbuzi, akikuna nazi, na baba amechuchumaa mbele yake na kipande cha mkaa, akimwambia, "Inua kidevu kidogo." Nakumbuka mikono yake na machicha ya nazi yaliyomshika vidoleni. Nakumbuka alivyonukia karafuu. Uso siukumbuki. Nilikuwa na miaka mitano alipofariki akijifungua mdogo wangu, naye mdogo wangu akamfuata siku ile ile.

Nyumbani kwetu hapakuwa na picha hata moja. Mpiga picha alikuwa Mombasa, na mtu alikwenda kwake akiwa na jambo kubwa. Kwa hiyo nilikua nikiufahamu uso wa mamangu ukutani. Nikitumwa maji chemchemini nilipitia kanisani, nikaweka mtungi chini, nikamtazama. Alikuwa na alama ndogo juu ya jicho, na mdomo kama wa mtu anayetaka kucheka lakini amekatazwa. Hivyo ndivyo ninavyoeleza sasa. Nayajua maneno, picha yake haiji.

Mamake mama, Bibi Mwanakombo, alikuwa akipanda kilima kila mwisho wa mwezi kutoka Msambweni. Hakuingia ndani. Alivua viatu, akasimama kizingitini na buibui lake, akatazama upande wa kushoto wa altare kwa muda mrefu. Siku moja Katekista Danieli alimwuliza kwa adabu, "Mama, huko kwenu hawatasema?"

"Mimi siabudu sanamu, Danieli," bibi akamjibu. "Nimekuja kumwona mwanangu."

Danieli akamletea kiti. Tangu siku hiyo kiti kile kilikuwa kikiwekwa mlangoni kila mwisho wa mwezi, na bibi alikuja na mahamri kwenye kitambaa, akatugawia.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Mwaka wa uhuru Padre Ndevu alirudi kwao akiwa mgonjwa, akaja padre mpya, kijana, Mwafrika mwenzetu, msomi, na wote tulifurahi. Mwezi wa nane mahujaji wakaja wengi kuliko wakati wowote, maana watu walikuwa na matumaini na walitaka kumshukuru Mungu kwa yatakayokuja. Nilikuwa na miaka saba. Nilikuwa nimesimama kando ya altare mchana, watu wakiingia na kutoka, na mama mmoja mnene kutoka mbali, mtu wa heshima, amevaa viatu vya kufunika, akapiga magoti mbele ya Bikira Maria. Alilia, akaugusa ukuta, akaubusu. Mimi nikajaa fahari. Nikamsogelea, nikamgusa bega.

"Huyo ni mamangu," nikamwambia.

Akatabasamu. "Ni mama yetu sote, mwanangu."

"Siyo. Ni mamangu hasa. Anaitwa Mbeyu. Babangu ndiye aliyemchora. Bibi yangu ni Mwislamu, huja kumtazama."

Tabasamu likamtoka. Aliinuka polepole, akajifuta midomo kwa upindo wa leso yake, na kunitazama kama aliyeuziwa kitu kibovu. Kisha akatoka kwenda kumtafuta padre. Sikuelewa. Nilirudi kwenye mdako wangu.

Baada ya wiki mbili padre mpya alikuja nyumbani kwetu. Hakuwa mtu mbaya, na nilipokuwa mtu mzima nilijaribu sana kumchukia nikashindwa. Alikaa kwenye mkeka, akapokea maji, akasema mahujaji wamelalamika kwamba wanapigishwa magoti mbele ya mke wa fundi. Alisema askofu atakuja baada ya sherehe za uhuru, na kanisa linahitaji kuwa jipya, safi, kama nchi.

"Unataka nifanye nini, Padre?" baba akauliza.

"Upake chokaa. Kuta zote."

Baba alivitazama viganja vyake. Kisha akasema, "Nitapaka mwenyewe."

Padre alipoondoka, shangazi yangu aliyekuwa akitulea akamwuliza anawezaje kukubali. Baba akasema akikataa yeye ataletwa fundi mwingine, na huyo atakwangua kwanza. Yeye atapaka juu tu, kwa chokaa nyepesi, na aliye chini atabaki mzima mpaka aje padre mwingine mwenye macho. Halafu akatugeukia sote.

"Nani aliwaambia wageni?"

Nilikuwa nimeshika bakuli la mbaazi. Nikaliinamia. Shangazi akasema labda ni Danieli, yeye ndiye huwapokea mahujaji na kuwatembeza. Baba akaitikia kwa kichwa kana kwamba amelijua jambo hilo zamani. "Danieli," akasema. Nami nikanyamaza, nikala mbaazi zangu.

Alipaka kwa siku nne. Alianza na Mamajusi, akaja kwa wachungaji, akaja kwa Petro. Nilimpelekea uji, nikamkuta amesimama mbele ya mama na ndoo ya chokaa mguuni, hafanyi chochote. Aliniambia niende nje. Niliporudi ukuta ulikuwa mweupe na maji yalikuwa yakichuruzika sakafuni. Katekista Danieli alikuja mlangoni, akamwita kwa jina lake la utotoni, na baba akapita kando yake kama anayepita nguzo. Hawakusemezana tena. Danieli aliuliza watu amemkosea nini rafiki yake, hakuna aliyemwambia, na miaka mitatu baadaye alifariki akiwa bado anauliza. Baba hakwenda mazikoni. Mimi nilikwenda, nikasimama nyuma, na bado sikusema.

Bibi Mwanakombo hakuwa ameambiwa. Mwisho wa mwezi alipanda kilima na kitambaa chake cha mahamri, akavua viatu, akasimama kizingitini. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akadhani ni jua. Akaweka kiganja juu ya macho, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Kadzo," akaniita, "mamako yuko wapi?"

"Wamempaka chokaa, bibi."

Hakulia. Aliinama akatafuta viatu vyake kwa mkono, akavivaa kimoja kimoja, akanipa kitambaa chote cha mahamri bila kukifungua. Hakupanda kilima tena. Tulipokwenda kumzika, majirani zake wa Msambweni walituambia alikuwa amezoea kusema kwamba alimzika binti mmoja mara mbili.

Baba aliishi miaka mingi akingoja padre mwenye macho. Wakati wa ugonjwa wake wa mwisho nilikwenda kumuuguza, wakati huo nikiwa mwalimu mwenye watoto, na nilikwenda nimekusudia kumwambia. Nilianza, "Baba, kuhusu Mzee Danieli." Akafumba macho. "Mungu amsamehe," akasema. Nikamfunika shuka. Hiyo ndiyo iliyokuwa nafasi yangu, sikupewa nyingine.

Nilipostaafu niliomba ruhusa kanisani nijaribu kumfunua mama. Padre wa sasa alikubali mara moja, mtu mwema, akanitafutia fundi. Ukuta ulikuwa umepigwa plasta ya saruji na juu yake vigae vyeupe kama vya bafu. Fundi alipobandua vigae vitatu na kuchimba kidogo, akaacha, akaniita nione. Waliopiga saruji, miaka mingi nyuma, walikuwa wameutoboatoboa ukuta wote kwa sururu ili saruji ishike. Chini palikuwa na mawe ya matumbawe tu.

"Mama, hapa hamna kitu," akaniambia kwa upole, akavirudisha vigae.

Enzi zetu mtu alikuwa na picha moja ya uso wake ya kumkumbukia, au hakuwa nayo. Siku hizi mjukuu wangu, anayefanya kazi hotelini Diani, hujipiga picha na simu akila, akisuka nywele, akiwa hafanyi lolote, kisha huzifuta kwa kuwa pua imetoka kubwa. Mwezi wa nane uliopita alinisindikiza hijani kwa gari, akanipiga picha mbele ya vigae vile. Akaniuliza mamangu alifanana na nani. Nikamwambia sijui.

"Labda na wewe, bibi," akasema, akanigeuzia simu nijione.

Niliutazama uso ule kwa muda mrefu. Mamangu alifariki hajafika miaka thelathini, nami nimefika sabini. Hata kama tulifanana, uso huu yeye hakuwahi kuwa nao.